Kabla ya kiti cha chuma, Ufipa walikuwa na kigoda

Mwezi wa saba Sumbawanga hulala na baridi. Watoto wakishakula hujikunja kwenye blanketi moja na simu ya mama, wanatazama filamu ya wafalme, majoka na panga zinazowaka, iliyotafsiriwa Kiswahili na mtu mmoja anayesema sauti za wahusika wote, wa kike kwa wa kiume. Filamu ikiisha linakuja swali: "Mama, sisi hatukuwa na wafalme?"

Wengi wetu hujibu kwamba machifu walikuwepo, kisha taa inazimwa. Jibu hilo linampunja mtoto, kwa sababu kilomita chache kutoka hapo alipolala kuna simulizi la ufalme uliopotea kwa sababu ya kigoda kimoja.

Waandishi wa hadithi zile kubwa hawakutoa kila kitu kichwani. J.R.R. Tolkien, aliyechapisha The Hobbit mwaka 1937, alichukua majina ya wale vijeba wake, na hata la mchawi Gandalf, kutoka shairi la kale la Iceland. George R.R. Martin, ambaye vitabu vyake vilizaa tamthilia ya Game of Thrones, amesema mara nyingi kwamba alisoma vita vya koo mbili za kifalme za Uingereza za karne ya 15, York na Lancaster, zilizouana kugombea taji. (Tamthilia hiyo si ya watoto, na mzazi asidanganywe na picha ya joka kwenye jalada.) Walichofanya ni kusikiliza wazee wa kwao, waliokuwa hai na waliokwisha kufa, kisha wakaongeza chumvi.

Wageni watatu

Simulizi la Wafipa linaanza na Ntatakwa, mtu wa kwanza kutawala, ambaye inasemekana alishuka kutoka mbinguni. Makao yake yalikuwa Milansi. Jina hilo bado lipo: kata ya Milanzi iko ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, na wapo watoto wanaopita hapo kila siku na begi la shule mgongoni.

Miaka ikapita. Siku moja mtawala wa Milansi alikuwa ameenda kuwinda. Nyuma yake wakatokea wanawake watatu wageni, waliosafiri kutoka mbali. Katika namna moja ya kulisimulia, mtawala alikuwa amemwonya mkewe kwamba wageni wakija asiwape kigoda cha utawala. Wanawake wale walipofika, mke akawapa. Aliporudi na mawindo yake, mwenye nchi alikuta kigoda kimekaliwa, na nchi ikawa imeondoka mikononi mwake bila mkuki kurushwa.

Hakufukuzwa, na hapo ndipo simulizi hili linapozipita filamu nyingi. Alibakiziwa Milansi yake na eneo dogo kuizunguka, pamoja na heshima ya aliyetangulia. Wanawake wale wakawa chimbuko la ukoo mpya wa kifalme uitwao Watwa (wasichanganywe na Watwa wawindaji wa misitu ya Kongo). Baadaye ukoo huo ukagawanyika, zikawa falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Nazo zikapigana, ndugu kwa ndugu. Mtoto wa Namanyere anayeandika "Wilaya ya Nkasi" juu ya daftari lake anaandika jina la mojawapo ya falme hizo.

Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis aliishi na Wafipa miaka ya 1960, akakaa na wazee na kuandika walichosema. Mwaka 1978 alitoa kitabu cha ngano zao, na mwaka 1981 kingine kinachohusu simulizi hili la Milansi na jinsi dola la Ufipa lilivyojengeka. Aliona kwamba simulizi la wageni watatu lilikuwa na kazi kubwa kuliko kuburudisha: lilieleza kwa nini watu wa aina mbili, wenyeji na waliokuja, walilazimika kukaa pamoja katika nchi moja. Vitabu hivyo viko kwa Kiingereza, na si rahisi kuvikuta kwenye duka la vitabu la mkoani.

Tanuri lililopambwa kama bibi harusi

Katika hadithi za Ulaya, mafundi wa chuma ni vijeba wanaoishi chini ya milima. Ufipa mafundi walikuwa watu wa kawaida, ila kazi yao ilizungukwa na mwiko kila upande.

Tanuri la Wafipa, ilungu, lilijengwa kwa udongo wa kichuguu na lilifika karibu mita tatu, refu kuliko mlango wa nyumba. Jambo la kushangaza ni kwamba halikuhitaji mivukuto. Kuzunguka chini yake kulikuwa na matundu yenye mirija ya udongo, na urefu wa tanuri lenyewe ndio uliovuta hewa kuingia ndani na kuchochea moto, kama bomba la moshi linavyovuta. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na uchafu, kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika kukisafisha. Kisha mhunzi akafua majembe na shoka.

Tanuri jipya lilihesabiwa kama bibi harusi na likapambwa hivyo, na chuma kilikuwa mtoto atakayezaliwa. Ndani yake ziliwekwa dawa, na mafundi walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Mtoto wa darasa la sita anayesoma habari ya joto na hewa katika somo la sayansi anaweza kuonyeshwa kwamba ndani ya mapambo na miiko ile mlikuwa na ujuzi wa kweli kabisa. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania, amechunguza matanuri hayo kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 2010. Baadhi bado yamesimama maporini. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya ndiyo yaliyoyazima, katika karne ya 20.

Ukienda kaskazini, mkoa wa Katavi, uliokuwa sehemu ya Rukwa hadi mwaka 2012, unaitwa kwa jina la mzimu. Katabi, husimulia wenyeji, alikuwa mwindaji, na roho yake inakaa katika mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Hadi leo watu huacha sadaka chini ya mti huo. Na kusini, kwenye maporomoko ya Kalambo mpakani na Zambia, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yenye umri wa miaka 476,000 hivi. Hakuna mwandishi wa hadithi za kubuni ambaye angethubutu kuandika namba hiyo.

Jina la mji

Lakini mzazi wa Sumbawanga ana tatizo ambalo mzazi wa Iceland hana. Mtoto akienda kusoma Dar es Salaam au Mbeya na kutaja kwao, darasa linacheka. Ataulizwa kama alikuja kwa ungo, kama anaweza kuagiza radi. Wengine huishia kusema wanatoka "huko Mbeya." Inachekesha kidogo, kwa sababu jina la mji, kwa maelezo ya wenyeji, linatokana na kutupa uchawi: anayeingia auache nje.

Na kuna upande usiochekesha hata kidogo. Imani hizo zimeua. Rukwa ni miongoni mwa mikoa ambako watu wenye ualbino wameshambuliwa kwa ajili ya viungo vyao, na nchini kuna bibi waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu.

Kwa hiyo anayesimulia hana budi kusema wazi anachosimulia. Ntatakwa kushuka mbinguni ni simulizi. Tanuri la mita tatu ni historia. Jirani kumroga mtoto wako si kimojawapo. Watoto huelewa tofauti hiyo upesi kuliko tunavyodhani. Hakuna aliyetoka kwenye filamu ya majoka akaenda kumtafuta jirani mwenye joka.

Pa kuanzia si mbali. Bibi aliyeko Laela au Matai ana simu, na simu hiyo hurekodi sauti. Mtoto aulize mwenyewe kuhusu Milansi, na asikatizwe bibi akianza na majina ya watu wasiojulikana. Atasikia simulizi lisilofanana na hili la hapa, na pengine babu pembeni atadakia kwamba bibi amekosea. Yarekodiwe yote mawili.

Na kuna swali moja ambalo mtoto atalirudia hata baada ya simu kukatwa: yule mke, alisahau onyo la mumewe, aliogopa wageni, au aliona tu kwamba mgeni hakalishwi chini?