Ushirikishwaji wa watoto katika mipango miji

Ushirikishwaji wa watoto katika mipango miji ni utaratibu wa kuwapa watoto na vijana balehe nafasi ya kueleza hali ya mji wanamoishi, kupendekeza mabadiliko na kushiriki maamuzi kuhusu barabara, viwanja vya michezo, usafiri na maeneo mengine ya umma. Lengo lake ni kupata mji rafiki kwa watoto, yaani mji ambamo mtoto anaweza kutembea, kucheza, kujifunza na kukutana na wenzake kwa usalama.

Watoto huutumia mji kwa namna tofauti na watu wazima. Wengi wao hutembea kwa miguu, ni wafupi, hawaendeshi gari na hawapigi kura. Mhandisi anayekagua barabara akiwa ndani ya gari ni vigumu auone mtaro ambao mwanafunzi wa darasa la pili huuruka kila asubuhi. Methali husema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

## Msingi wa kisheria

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989. Kifungu cha 12 kinampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yote yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kifungu cha 31 kinatambua haki ya kupumzika na kucheza. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991.

Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua pia haki ya mtoto kutoa maoni. Hata hivyo, mkutano wa mtaa ni wa wakazi wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo mtoto hana pa kusemea katika kikao hicho. Mabaraza ya watoto yanaweza kuziba pengo hilo, mradi yanayosemwa humo yawafikie watendaji na madiwani.

## Historia

Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mipango miji kutoka Marekani, Kevin Lynch, aliongoza utafiti wa UNESCO kuhusu maisha ya vijana wadogo katika miji ya Argentina, Australia, Meksiko na Poland. Vijana hao walihojiwa na kuombwa kuchora ramani za maeneo yao. Matokeo yalitolewa katika kitabu mwaka 1977. Katika miaka ya 1990 utafiti huo ulifufuliwa chini ya uongozi wa Louise Chawla, safari hii ukitilia mkazo ushiriki wa watoto wenyewe katika kuboresha mitaa yao.

Mwaka 1996, kufuatia mkutano wa pili wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi uliofanyika Istanbul, Uturuki, UNICEF na UN-Habitat walianzisha mpango wa miji rafiki kwa watoto.

## Ngazi ya ushiriki

Mwaka 1992 Roger Hart, katika andiko lililochapishwa na UNICEF, alieleza ushiriki wa watoto kwa mfano wa ngazi yenye vipawa 8. Vipawa vitatu vya chini si ushiriki wa kweli:

* Kutumiwa: watoto wanabebeshwa ujumbe wa watu wazima bila kuuelewa.
* Kuwa mapambo: wanavalishwa fulana na kuimba katika hafla, lakini hawajui inahusu nini.
* Kushirikishwa kwa jina tu: mtoto mmoja au wawili wanapewa kipaza sauti, lakini hawakupata nafasi ya kufikiri wala kuwauliza wenzao.

Vipawa vya juu huanzia pale mtoto anapoelewa kazi na sababu ya yeye kuhusishwa, kisha hupanda hadi watoto wanapoanzisha jambo wenyewe na kuamua pamoja na watu wazima. Si lazima kila mradi ufike kipawa cha mwisho. La muhimu ni kuvuka vile vitatu vya kwanza.

## Mbinu

Mbinu zinazotumika sana hazihitaji fedha nyingi:

* Matembezi: watoto wanawaongoza watu wazima katika njia wanazopita kwenda shule, sokoni au kisimani, wakionyesha penye hatari na wanapopapenda.
* Ramani na michoro: kila mtoto anachora mtaa wake. Anachokiacha huweza kueleza mengi kama anachokichora.
* Picha: huko Boulder, Marekani, ambako mpango wa kushirikisha watoto ulianza mwaka 2009, watoto hupiga picha kwa kutumia fremu ya kijani kwa wanachokipenda na nyekundu kwa wasichokipenda.
* Makundi madogo: wasichana na wavulana huzungumza kwanza kando, kwa kuwa kero zao hutofautiana.

## Mifano

Barra Mansa, Brazili. Mji huu uliunda baraza la bajeti la watoto lenye wasichana 18 na wavulana 18 waliochaguliwa na wenzao. Walipanga matumizi ya sehemu ya fedha za manispaa katika mambo waliyoyaona ya lazima.

Boston, Marekani. Kuanzia mwaka 2014 vijana wa umri wa miaka 12 hadi 25 walipewa nafasi ya kuamua kwa kura matumizi ya dola milioni 1 za miradi ya jiji.

Dar es Salaam, Tanzania. Shirika la Amend huchunguza njia ambazo wanafunzi hupita kwenda shule, kisha huweka matuta, njia za waenda kwa miguu na alama za barabarani. Kazi hiyo ilipunguza majeraha kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Hapa chanzo kilikuwa hatua za mtoto barabarani. Kero nyingine, kama makondakta wa daladala wanaowakwepa wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo, hazionekani kwa kupima barabara. Ni lazima wanafunzi waulizwe.

## Matatizo

Mwaka 1997 watoto wa Canaansland, makazi duni mjini Johannesburg, Afrika Kusini, walieleza shida zao na mapendekezo yao katika warsha iliyohudhuriwa na viongozi wa jiji. Baadaye wakazi wote walihamishiwa mbali na katikati ya mji. Watoto walikuwa wamesikilizwa, lakini maamuzi makubwa kuhusu ardhi yalifanywa bila wao.

Tatizo la pili ni uteuzi. Wanaoitwa mara nyingi ni wanafunzi hodari wa kusema, huku watoto wenye ulemavu, wanaofanya kazi na wasiosoma wakiachwa nje. La tatu ni muda: ujenzi huchukua miaka, na aliyependekeza uwanja akiwa darasa la sita anaweza kuwa ameshamaliza kidato cha nne kabla haujajengwa.

Kwa sababu hizo, mpango mzuri huwaeleza watoto tangu mwanzo ni jambo gani linaweza kubadilika na lipi haliwezi. Baada ya uamuzi hurudi kwao na majibu: pendekezo gani limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini. Mtoto aliyepewa sababu, hata ya kukataliwa, ana msingi wa kushiriki tena. Asiyejibiwa hujifunza kwamba kusema hakuna maana.