Kupanga Ratiba ya Ligi ya Watoto Mtaani: Kazi ya Bure Inayokutafutia Maadui

Leo naongelea ishu ambayo wengi wanaichukulia poa: kupanga ratiba ya ligi ya watoto. Sio Ligi Kuu, sio Simba na Yanga. Naongelea hizi ligi zetu za mchangani, chini ya miaka 15, bingwa anapewa mbuzi au seti moja ya jezi, na kamati nzima inajitolea. Mimi ndiyo kazi ninayoifanya hapa mtaani kwetu Dar. Silipwi, vocha nanunua mwenyewe, na kila msimu kuna kocha ananinunia mpaka sikukuu zinapita.

Kuna jamaa huwa wananiuliza, "Sasa hapo kuna ugumu gani? Si unaandika tu hii na hii?" Haya, tukae chini tuhesabu.

HESABU YA KWANZA: MECHI NGAPI?

Tuseme zimejiandikisha timu 10. Kila moja ikicheza na kila mwenzake mara moja tu, hizo ni mechi 45. Unachukua 10 unazidisha kwa 9, halafu unagawa kwa 2 kwa sababu A na B ni mechi ile ile ya B na A. Mkitaka mizunguko miwili, mechi 90. Na uwanja ni mmoja.

Sasa uwanja huo una masaa mangapi? Asubuhi ya Jumamosi kuna madrasa na tuisheni. Asubuhi ya Jumapili kuna kanisa. Mchana jua la Dar linaua. Kwa hiyo unabaki na jioni mbili kwa wiki, na jioni yenyewe ina mwisho: mwezi wa 6 jua linazama kama saa 12 na robo, na viwanja vyetu havina taa.

Mkicheza dakika 35 kila kipindi na mapumziko dakika 10, mechi moja inakula dakika 80. Anza saa 9:30 alasiri, ya kwanza inaisha 10:50. Ya pili ianze 11:05, itaisha 12:25. Giza! Kipa haoni mpira, mama wa mtoto yuko pembeni anafoka.

Ndiyo maana sisi tunacheza dakika 25 kila kipindi, mapumziko 5. Mechi ya kwanza 9:30 mpaka 10:25. Ya pili 10:45 mpaka 11:40. Zinabaki kama dakika 35 kabla jua halijazama, na hizo wala usizione nyingi, zinaliwa na kuchelewa. Timu itafika pungufu, refa atakwama kwenye daladala, mpira utaingia kwenye nyumba ya watu.

Mechi mbili kwa jioni, nne kwa wikiendi. Mechi 45 ugawe kwa 4, ni wikiendi 12. Miezi mitatu! Na angalia kalenda: masika ni Machi mpaka Mei, uwanja unakuwa bwawa. Mwezi wa 9 darasa la saba wana mtihani. Oktoba vuli zinaanza, na mwisho wa mwaka kidato cha pili na cha nne nao wako kwenye mitihani. Ramadhani nayo inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo ya mwaka jana huwezi kuinakili. Dirisha zuri ni Juni mpaka Agosti, na ndio wakati jua linawahi kuzama. Wikiendi 12 za mfululizo huzipati, labda kwenye makaratasi.

DAWA: MAKUNDI MAWILI

Timu 10, makundi mawili ya timu tano. Kila kundi lina mechi 10, jumla 20. Raundi moja ya makundi yote mawili ni mechi nne, yaani wikiendi moja kamili. Raundi tano, wikiendi tano. Ya sita Jumamosi nusu fainali mbili, Jumapili mshindi wa tatu na fainali. Mechi 24, wikiendi 6. Hapo mnapumua, na mvua ikimwagika mna Jumatano ya akiba kwa mechi moja baada ya shule.

Sasa nani acheze na nani? Usipange kwa kichwa, utarudia timu au utaisahau nyingine. Kuna njia ya zamani sana ambayo inatumika dunia nzima. Namba moja anakaa pale pale, wengine wote wanazunguka kama mshale wa saa. Kwa namba sita inatoka hivi:

Raundi ya 1: 1-6, 2-5, 3-4
Raundi ya 2: 1-5, 6-4, 2-3
Raundi ya 3: 1-4, 5-3, 6-2
Raundi ya 4: 1-3, 4-2, 5-6
Raundi ya 5: 1-2, 3-6, 4-5

Kundi lako lina timu tano? Namba 6 iite "pumzika". Anayekutana na 6 wiki hiyo anakaa nyumbani. Nakili hiyo, itakusaidia siku moja.

MAADUI WANAPOTOKEA

Hesabu kwa kweli ndiyo sehemu rahisi. Noma ni watu.

Mechi ya saa 9:30 inachezwa juani, ya 10:45 kuna kivuli. Kocha mmoja aliwahi kunisimamisha kijiweni mbele ya vijana wake:

"Dogo, umetupanga juani mara mbili, una nini na sisi?"

Nikamwambia, "Shikamoo kocha. Ratiba iko ukutani pale kwa kinyozi. Kila timu ina mechi nne, mbili za jua na mbili za kivuli. Hesabu mwenyewe, zako za kivuli zinakuja."

Alienda akahesabu. Hakuniomba samahani, lakini pia hakusema tena.

Hapo ndipo siri ya kazi hii ilipo. Ukiwa unajitolea huna mshahara wa kukutetea, una jina lako tu. Kwa hiyo mkono wako utoe kwenye maamuzi kadiri unavyoweza. Mimi sipangi timu, napanga namba. Makocha wote wanaitwa siku moja, vikaratasi vinatiwa kwenye kofia, na mtoto mdogo asiyecheza ligi ndiye anayechomoa. Ukitoka 4 wewe ni 4, jedwali linajua utacheza na nani. Nani atasema nimenunuliwa kwa soda?

Sheria nyingine zinaandikwa siku hiyo hiyo na kila kocha anasaini: timu ikichelewa dakika 15 imepoteza, timu ikijitoa kabla ya nusu ya mechi zake, matokeo yake yote yanafutwa, vijeba na mamluki wanakaguliwa kabla ya ligi, sio siku ya nusu fainali baada ya mtu kufungwa. Ukisubiri tatizo litokee ndio utunge sheria, kila utakachosema kitaonekana kinambeba mtu.

RAUNDI YA MWISHO, HAPA SOMENI VIZURI

Rudini kwenye lile jedwali. Raundi ya 5, nani anakutana na 6? Ni namba 3. Kwa hiyo kwenye kundi la timu tano, namba 3 anamaliza mechi zake mapema, halafu siku ya mwisho anakaa pembeni anaangalia wenzake wakiamua hatma yake.

Kama unaona hilo ni dogo, waulize Waalgeria. Kombe la Dunia 1982 kule Hispania, Algeria waliifunga Ujerumani Magharibi 2-1, dunia ikashangaa. Mechi yao ya mwisho waliifunga Chile 3-2, tarehe 24 Juni. Kesho yake mjini Gijón wakacheza Ujerumani Magharibi na Austria, wote wakijua hesabu: Ujerumani akishinda 1-0, wote wawili wanapita. Ujerumani wakapata bao la mapema, halafu timu zote zikaanza kupasiana mpira bila kushambuliana mpaka filimbi ya mwisho. Algeria nje, kwa tofauti ya mabao. Hakuna sheria iliyovunjwa, ratiba ndiyo iliyowapa nafasi. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kila kundi zinachezwa muda mmoja.

Na FIFA bado wanaiogopa kitu hiyo. Kombe la Dunia la 2026 lilipangwa mwanzoni liwe na makundi 16 ya timu tatu tatu, ambapo kila kundi lingekuwa na mtu wa kukaa pembeni siku ya mwisho. Machi 2023, kwenye kikao cha Kigali hapo kwa majirani zetu, wakabadilisha yakawa makundi 12 ya timu nne nne, na hatari ya timu kupanga matokeo ilikuwa moja ya sababu walizotoa.

Wale wana mabilioni. Sisi tuna uwanja mmoja na kofia. Tunafanyaje?

Moja, kama inawezekana chukueni timu 8 tu, makundi mawili ya timu nne, hakuna wa kupumzika. Mbili, kama ni 10 na hamtaki kumfukuza mtu, ombeni uwanja wa pili kwa wikiendi moja tu, ile ya raundi ya mwisho. Jumamosi mechi zote mbili za kundi A saa 10 kamili, Jumapili za kundi B vile vile. Wanaocheza wakiwa hawajui kule kwingine kumekuwaje, inakuwa vigumu kukubaliana. Tatu, siku ya kofia mwambieni wazi atakayechomoa 3: wewe utamaliza mapema. Ajue kabla, sio baada.

Kuomba huo uwanja wa pili ni shughuli yake. Barua kwa mkuu wa shule, nakala serikali ya mtaa, halafu unafuatilia na kufuatilia. Kuna shule walinikubalia, Ijumaa jioni nikakuta maturubai ya harusi katikati ya uwanja. Tangu hapo naomba kwa maandishi, na siku mbili kabla naenda kuangalia kwa macho yangu.

Kuna wanaosema natumia nguvu nyingi kwa ligi ya mbuzi mmoja. Sawa. Lakini yule kipa wa miaka 13 hajui kama ni ya mbuzi. Yeye amekimbia mechi nne, amefua jezi mwenyewe, na akitolewa kwa mechi mbili za kupanga ataondoka akiamini kila kitu duniani kinapangwa. Akitolewa kwa mabao ya halali atalia, na wiki ijayo utamkuta mazoezini.

Kwa hiyo wewe unayesoma hii, kama kamati ya mtaa wenu inatafuta mtu wa ratiba, kubali. Beba kofia, jedwali na kalamu. Na wenzangu mnaofanya kazi hii Mwanza, Tanga, Mombasa au popote, tuambieni kwenye maoni hapo chini: siku ya mwisho nyinyi mnaifanyaje mkiwa na uwanja mmoja?

Nawakilisha.