Sailensa Juu, Mfuko Chini

Jumamosi ikifika, nusu ya Dom inahamia Msalato mnadani. Mbuzi yuko kwenye moto, ng'ombe wanapigiwa bei kule, mitumba imemwagwa chini huku, madogo wa UDOM wamejibana watano kwenye Vitz moja, na kando ya barabara ya Arusha mikoko imepaki mpaka basi. Kaa pembeni usikilize. Hakosekani jamaa mmoja na Carina Ti yake namba B. Yeye yuko kwenye foleni ya nyama, injini kaiacha inawaka ili mziki usikate, na chuma kinalia vuuuu utadhani kinaomba ruhusa ya kupaa. Uwanja wa ndege wa kimataifa unaojengwa hapo hapo Msalato Rais Samia aliuwekea jiwe la msingi Oktoba 2022, njia ya kurukia ni kilomita 3.6, ila mwanetu kaona kusubiri kwa nini, yeye anapaa na Carina.

Kuna masela wanaona ule mlio ni sifa, eti ndinga ina pumzi. Hamna kitu pale. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, imepanda, basi. Injini inazunguka haraka kuliko kazi iliyopo, na kila mzunguko unataka wese lake. EWURA wanatoa bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, wote tunaisoma tukiwa tumenuna, halafu mtu anachoma mafuta akiwa amepaki. Mambo ya ajabu kabisa.

Wese lenyewe siyo hata balaa kubwa. Gari nyingi za kitaa ni otomatiki. Ukiwa D na sailensa iko kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, gari inakusukuma yenyewe, na breki unaishikilia kwa nguvu zote. Sasa weka hapo umati wa mnada, watoto, bodaboda zinazochomeka, mbuzi aliyekata kamba. Ukitoa gia N kuja D unasikia kishindo "ku!" chini ya miguu, na gia boksi inaandika deni ambalo utalilipa siku moja kwa mkupuo. Hiyo ndo bei ya sifa.

Kwanza tusiogopane bure. Injini nyingi za Toyota tunazotembelea, 5A ya Carina na Corolla, 1NZ na 2NZ za IST, zikishachemka zinatulia kwenye mizunguko 700 mpaka 800 kwa dakika. Asubuhi ya Julai, Msalato ile yenye upepo unaokata masikio, ukiwasha ikaruka mpaka 1,200 au 1,500 halafu ikashuka taratibu, iache, inajipasha. Ukiwasha AC ikapanda kidogo, nayo iache. Kesi inaanza pale injini imeshachemka, AC umezima, uko P au N, na mshale umegoma kushuka chini ya 1,000.

Sasa inakuwaje? Injini ya petroli ukitoa mguu, kile kibati cha throto kinajifunga. Hewa ya kuiweka hai inapita kwenye kinjia kidogo cha pembeni, chenye valvu yake, na kontroli boksi ndo inaamua valvu ifunguke kiasi gani. Kwa hiyo sailensa ikipanda, jiulize maswali mawili tu. Je, kuna hewa inaingia kwa mlango usiotakiwa? Au kuna mtu kaidanganya kontroli boksi kwamba injini bado ya baridi? Fundi asiyejiuliza hayo anabahatisha kwa hela yako.

Kwa hapa kwetu mimi naanza na maji. Kwenye hizi Carina na Corolla za zamani, ile valvu ya sailensa imekaa chini ya throto, na kuna hosi mbili ndogo zinazopitisha maji ya rejeta ili kuipasha moto. Maji yakipungua au hewa ikinasa humo, valvu haipati joto, inajua ni alfajiri bado, inakaa wazi na kuruhusu hewa. Gari inanguruma saa saba mchana, jua la Dom limesimama utosini, yenyewe inaamini ni saa kumi na moja ya asubuhi. Mtu anabadilisha sensa, anabadilisha plagi, anauziwa throto ya mtumba, kumbe rejeta ilikuwa inadai lita moja.

Na maji yenyewe ni maji gani? Msalato tumekaa jirani na Makutupora, kule Mzakwe kwenye visima ambavyo mji wa Dodoma unavitegemea miaka na miaka. Ni maji ya ardhini, na maji ya ardhini ya Dom unayajua: angalia ule ukoko mweupe unaobaki kwenye birika la bi mkubwa. Ukimimina hayo kwenye rejeta mwaka mzima, ule ukoko unajijenga humo humo, kutu inaongezeka, na vinjia vyembamba vya throto ndo vinaziba vya kwanza. Weka kulanti. Kama mfuko umekaza, hata maji ya kunywa ya chupa yana nafuu kuliko ya kisima, ingawa hayazuii kutu. Na usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, mwanangu, utaungua sura.

Halafu kuna huu mchezo wa thermostati. Aisee huu unanikera. Gari imechemsha mara moja, fundi maiko anaichomoa thermostati, anaitupa, anasema "hii ya nchi za baridi, huku haina kazi." Uongo mtupu. Thermostati ya injini hizi inaanza kufunguka kwenye nyuzi kama 82, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia hapo, iwe Dodoma, iwe Hokkaido. Ukiitoa, ukishika barabara ya kwenda Babati asubuhi na upepo unapiga rejeta, injini haifiki joto linalotakiwa. Kontroli boksi inaona baridi, inamwaga wese la ziada, inapandisha sailensa. Ukisimama Veyula kununua maji, hiyo hapo, vuuuu. Wese linakata, plagi zinakuwa nyeusi tii, na ile sababu ya kuchemsha bado iko pale pale, maana hakuna aliyeitafuta. Kama gari yako umeinunua kwa mtu, mwombe fundi afungue aangalie kama thermostati ipo. Utashangaa zilivyo nyingi ambazo hazina.

Baada ya maji ni vumbi, na hapo Msalato hatuna mpinzani. Kiangazi chetu kinaanza Mei mpaka Novemba huko, malori ya kifusi yanapishana, barabara ya mzunguko wa nje ya mji, kilomita 112.3, nayo imekatiza Veyula hapo juu. Chujio la hewa likiwa limechanika au boksi lake halijabana, vumbi linaingia ndani, linakutana na moshi wa oili unaorudi kutoka kwenye injini, linageuka lami nyeusi kwenye throto na kwenye valvu. Kibati hakijifungi vizuri, valvu inanata ikiwa wazi. Dawa ni kuitoa throto, kuisafisha kwa dawa ya kupuliza na brashi laini mpaka ing'ae, na valvu ya chini nayo ifunguliwe, isifutwe kwa juu juu. Gasketi iliyokatika ibadilishwe. Wengi wanaosha kwa petroli, inasaidia, ila mbali na sigara na mbali na jiko la mkaa la mama ntilie. Kama ndinga yako ni ya baadaye, throto ya umeme isiyo na kebo, usikisukume kile kibati kwa kidole wakati switchi iko on, na ukimaliza kuosha usishtuke ikichanganyikiwa kidogo, inajifunza upya.

Kuna kipimo kitamu kwa wenye Carina. Injini ikiwa imechemka na inawaka, vua ile hosi kubwa ya hewa mbele ya throto. Ndani utaona kitundu kidogo kabla ya kibati. Kizibe kwa kidole. Mlio ukishuka, mwizi umemkamata: hewa inapita kwenye valvu ya sailensa, rudi kwenye maji na uchafu. Usiposhuka, hewa inaingia kwingine. Hapo unahamia kwenye hosi za vakyumu, zile nyembamba nyeusi, ambazo kwa umri wa gari hizi na ukavu wa huku zimekuwa ngumu na zimepasuka kwenye mikunjo. Zibane moja moja kwa koleo lenye kitambaa. Usisahau ile nene inayokwenda kwenye buta ya breki. Ukiibana hiyo na sailensa ikashuka, kaka, hilo siyo suala la wese tena, ni la breki. Usiende popote.

Kwa nini nimesema Carina? Kwa sababu yenye 5A inapima mgandamizo wa hewa ndani ya manifodi. Hewa ya wizi ikiingia inaihesabu tu, inaongeza wese, na mlio unapanda umenyooka vizuri kabisa mpaka mtu anaona ni sifa. IST yenyewe inapima hewa huku nje, karibu na chujio. Hewa iliyoingilia dirishani haihesabiki, wese halitoshi, gari inatetemeka, inapanda inashuka kama haijielewi. Na IST ukivua hiyo hosi inachanganyikiwa zaidi, kwa hiyo kipimo cha kidole siyo chake.

Vitu vidogo navyo vipo. Kebo ya mafuta iliyokazwa sana. Karpeti la dukani lililopanda juu ya pedali. Sensa ya throto iliyokaa upande, haitoi habari kwamba mguu umeshatoka. Na sensa ya joto la maji, ile ya kontroli boksi, tofauti na ile ya mshale wa dashibodi. Fundi mwenye mita aipime: kwenye nyuzi 20 inatakiwa iwe kilo-omu 2 hadi 3, kwenye nyuzi 80 ishuke mpaka omu 200 hadi 400. Ikibaki juu, ndo mwongo wako huyo.

Halafu usikubali kuambiwa "hii ya zamani haipimiki kwenye mashine." Carina na Corolla nyingi za miaka ya 90 zina kiboksi kidogo ndani ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS. Switchi on, injini imezimwa, unaunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Mbili, mapumziko, mbili: sensa ya joto la maji. Nne, halafu moja: sensa ya throto. Ikikonyeza mfululizo bila mapumziko, haijaandika kosa. Lakini hapo usishangilie, maana inaandika waya uliokatika au kugusana. Sensa inayodanganya kistaarabu inapita salama.

Tuje kwenye bisibisi. Pale kwenye throto kuna skrubu ya kusimamisha kibati, imewekwa kiwandani, na mafundi maiko wanaipenda kuliko chai. Sailensa ikishuka, wanaikaza. Ikipanda, wanailegeza. Dakika mbili, buku kumi, "tayari bosi." Ukiona rangi yake imekwaruzwa ujue gari imeshapita mikononi mwao. Ile skrubu haijawahi kuziba hosi wala kuongeza maji kwenye rejeta. Ikishachezewa, sensa ya throto inapoteza hesabu, na fundi wa maana atakayekuja baadaye anaanza kazi akiwa nyuma.

Na mafundi wa maana wapo, tusiwatukane wote. VETA wanafundisha ufundi wa magari hapa Dodoma, na wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti bila kumrudisha darasani miaka. Ukimpata mmoja mtulivu, mwenye mita na subira, anayeuliza maswali kabla ya kutaja bei, mshike huyo. Mlipe vizuri, usimlalie bei eti kazi yenyewe ilikuwa hosi tu. Unamlipa kwa kujua ni hosi gani.

Jumamosi hii kabla hujatoka kwenda kula mbuzi, fungua boneti injini ikiwa ya baridi, angalia maji, pitisha mkono kwenye hosi zote. Ukiona kimeo, nenda kwa fundi. Ila akishika bisibisi kabla hajashika hosi hata moja, mwambie shukrani mzee, chukua funguo yako, sepa.