Pancha Njiani? Msinuniane, Drili Ipo!

Hebu vuta picha. Ni Jumamosi, wewe na laazizi wako mmetoka Shinyanga mjini, mnawahi harusi Geita. Mmependeza ile mbaya! Safari yenyewe siku hizi raha, maana tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko imebaki hadithi. Lakini kabla hamjafika hata Usagara, gari linaanza kuyumba. Pancha!

Hapo ndipo penzi linapopimwa. Jamaa anavua koti, anatoa jeki kwenye buti, anazungusha weee! Jasho linamtoka, shati jeupe limeshakula vumbi. Bibie naye pembeni: "Si nilikwambia hilo tairi limeisha?" Basi, harusini mnafika mmenuniana.

Na hapo mko wawili. Huku kwenye ukanda wa dhahabu, wenye wapenzi migodini wanaijua rosta: mwenzako yuko kambini, gari na watoto umeachiwa wewe. Pancha ikikukuta peke yako jioni, utafanyaje?

Drili inaingiaje hapo?

Asikwambie mtu, kinachochosha kwenye jeki ile ya kukunja ni kuzungusha skrubu yake ndefu. Unazungusha mara nyingi, gari linapanda kidogo tu. Sasa, kuzungusha si ndiyo kazi ya drili? Ile ya betri yenye nguvu, ya volti 18 hivi, inaweza kukusaidia. Kama skrubu ya jeki ina kichwa cha pembe sita, tafuta soketi inayokaa sawasawa. Kama ina tundu, mwombe fundi akutengenezee ndoano imara ya chuma inayoingia kwenye drili. Jeki ya mafuta, ile ya kupampu, haihusiki hapa.

Lakini usikurupuke!

Kwanza, egesha sehemu ngumu na tambarare. Vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye tairi la upande wa pili na pembetatu ya kuakisi nyuma ya gari. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa unameza jeki, hivyo beba ubao mnene wa kuweka chini yake.

Pili, legeza nati kwa spana tairi likiwa bado chini.

Tatu, anza kuzungusha jeki kwa mkono mpaka ishike vizuri mahali pake chini ya gari. Jeki ikiwa imelala ndipo inapokuwa nzito zaidi, na drili inaweza kukwama ghafla ikakutegua mkono. Ishike kwa mikono miwili, mwendo wa taratibu. Ikigoma usilazimishe, rudi kwenye mkono. Skrubu iliyopakwa grisi mapema husaidia sana.

Nne, ukirudisha nati anza na vidole, kisha spana, ukikaza moja na kuhamia ya upande wa pili. Usizimalizie kwa mashine, maana inaweza kukaza kupita kiasi ukaharibu bolti. Zikague tena baada ya kilomita 50 hivi.

Na hili ni la kufa na kupona: drili inapunguza jasho, haipunguzi hatari. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde moja.

Fanyeni mazoezi nyumbani

Msisubiri pancha. Jumapili moja tokeni uani, mfanye kwa zamu, na yule asiyewahi kushika spana ndiye aanze. Jaribuni pia bila drili, maana chaji inaweza kuisha. Betri nayo msiiache kwenye gari lililopigwa jua siku nzima, joto linaiua.

Mapenzi siyo maua na chokoleti tu, jamani. Kama wewe ndiye unayerudi kambini, kabla hujaondoka hakikisha spea ina upepo na betri imejaa. Mwenzako akikwama njiani, atakukumbuka kwa mazuri. Au siyo?