Viuno na Mioyo



Mama mmoja auzaye vitenge karibu na Mtaa wa Kongo, hapa Kariakoo, alinijia baada ya Misa ya asubuhi, Biblia mkononi, kidole katikati ya kurasa. Mimba zake tatu zilikuwa zimeharibika. Alikuwa akisoma Ufunuo 2:23, katika barua kwa Kanisa la Thiatira, ambamo Bwana anaahidi kuwaua watoto wa mwanamke aitwaye Yezebeli, kisha anajitambulisha kuwa huchunguza viuno vya watu na mioyo yao. “Baba,” akaniuliza, “Mungu ameona nini kiunoni mwangu?”

Msidhani kwamba swali hilo ni la ujinga. Kwetu Pwani kiuno ni mahali pa shanga, pa kufungia kanga, tena ni mahali pa uzazi. Biblia yenyewe, katika kitabu cha Mwanzo, husema kwamba wafalme watatoka viunoni mwa Yakobo, yaani watakuwa wazao wake. Mama yule alisoma Kiswahili sahihi, akakielewa sawasawa. Kosa halikuwa lake.

Neno la Kigiriki lililo mahali pale ni figo. Mwandishi aliandika Kigiriki, lakini usemi ni wa Kiebrania. Twaukuta katika Zaburi na kwa nabii Yeremia. Kwa Waebrania, moyo ulikuwa makao ya akili na ya maamuzi, wala si ya mapenzi peke yake kama tulivyozoea sisi. Figo nazo, kwa kuwa zimefichika ndani kabisa ya mwili, zilikuwa makao ya yale ambayo mtu hamwambii hata mwenzi wake. Kilatini cha Vulgata kilitumia neno ambalo huweza kumaanisha figo na pia sehemu ya mgongo iliyo karibu nazo. Tafsiri ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, ikasema viuno. Siwalaumu sana watafsiri wale. Wangeandika figo, msikilizaji angewaza bucha.

Nasi pia tuna semi za namna hiyo. Aliyeumizwa na maneno husema amekatwa maini. Mwenye hasira hutema nyongo. Mwenye hofu huambiwa apige moyo konde. Mgeni akiyatafsiri hayo neno kwa neno, atamkimbiza Muhimbili mtu ambaye ametukanwa tu na jirani yake.

Biblia ya Habari Njema, iliyotolewa miaka ya 1990, iliacha viungo vya mwili ikataja mioyo na fikira. Kwa maoni yangu fikira ni neno jepesi mno; halifiki kule chini ambako figo zilifika. Hata hivyo, katika kusoma mbele ya waamini, naliona salama kuliko viuno. Katekista aliye na Union peke yake asipite aya ile haraka. Asimame, aeleze.

Na watoto wa Yezebeli? Hapo lugha yetu inatusaidia kuliko lugha nyingi. Mwanachama hakuzaliwa na chama, wala mwanasiasa hakunyonyeshwa na siasa. Vivyo hivyo wana wa mwanamke yule ni wafuasi wa mafundisho yake, watu wazima waliochagua kumfuata. Hata jina lake ni la kuazima, kutoka kwa yule malkia, mke wa Ahabu, tunayemsoma katika vitabu vya Wafalme. Barua ile inahusu walimu wa uongo katika mji mmoja wa Asia Ndogo. Haisemi lolote juu ya matumbo ya akina mama wala mimba zilizoharibika.

Hayo ndiyo niliyomweleza, tukiwa tumesimama mlangoni pa sakristia. Alisikiliza kimya. Habari ya wafuasi ilimtuliza, nilimwona akishusha pumzi. Lakini alilorudia ni lile la figo. Alitaka nimwambie tena kwamba zilikuwa mahali pa mambo ambayo mtu hamwambii mwenzake. Nikamwambia tena.

“Kumbe anajua ninavyolia usiku,” akasema.

Nikamjibu kwamba ndiyo. Kisha akaniomba kalamu, akaandika neno hilo kwa mkono wake pembeni mwa aya: figo.