Pumu ya Mtoto: Mapacha Wanatuambia Nini?

Huku milimani Upareni, mtoto akibanwa na pumu usiku, maneno huanza kabla hajapata nafuu: "Ugonjwa huu umetoka kwa akina mama yake." Wengi wetu tumeyameza maneno hayo kimya. Hebu tuwasikilize mapacha.

Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja, nao wana chembe za urithi zilezile. Wasiofanana hushirikiana karibu nusu tu, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Wote hulelewa nyumba moja na kula chungu kimoja. Basi ikiwa wa kufanana huugua pumu wote wawili mara nyingi zaidi kuliko wasiofanana, hiyo ni dalili kwamba urithi una sehemu yake. Uswidi wana daftari la mapacha la taifa, na mwaka 2016 watafiti walitoa matokeo ya mapacha 25,306 wa miaka 9 au 12. Asilimia 82 ya tofauti kati ya mtoto na mtoto katika kupata pumu ilihusishwa na urithi.

Mama mkwe akisikia atasema, "Si niliwaambia?" Lakini chembe za urithi hutoka kwa baba na kwa mama. Tena pacha wa kufanana anaweza kuugua na mwenzake asiugue.

Na hesabu hiyo ni ya Uswidi. Tuje hapa Msangeni. Makande huchemka saa nyingi juu ya mafiga. Asubuhi za ukungu mlango hufungwa, watoto wakaota moto humo humo jikoni. Kama kila jiko lina moshi, mapacha wote wawili wanauvuta, na watoto wa jirani vilevile. Ukiwalinganisha hao, moshi hautaonekana kuleta tofauti, maana haukumwacha mtu. Kumbe unawaumiza wote!

Moshi huchokoza njia za hewa za mtoto mwenye pumu. Ukoo hatuwezi kuubadili, ila mahindi na maharage tunaweza kuyaloweka usiku yaive upesi, kuni tukazikausha vema, jiko likatobolewa dirisha. Mtoto avikwe sweta, akae mbali na mafiga. Dawa ya kuvuta aliyopewa na daktari asiiache hata moshi ukipungua. Na baba mvuta sigara avutie mbali na nyumba, hata kama kwao hakuna pumu.