Kipindupindu cha Kindu kimetoka wapi?

Kipindupindu kikizuka Kindu, kila mtu ana mtuhumiwa wake. Huyu anailaumu treni ya kutoka Kabalo, iliyobeba abiria wa Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Yule anawalaumu wafanyabiashara wa Kivu. Na wapo wasiosikia lolote ila uchawi. Daktari naye, kwa kumtazama mgonjwa tu, hawezi kuwaamua. Choo ni kilekile, cheupe kama maji ya mchele.

Ushahidi anao bakteria mwenyewe. Muuguzi huchovya kijiti chenye pamba kwenye choo cha mgonjwa, hukitia ndani ya kichupa chenye dawa nzito ya kuhifadhia vijidudu, na kichupa husafirishwa hadi maabara kubwa, kama ile ya taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, Kinshasa. Huko bakteria huoteshwa, kisha vinasaba vyake husomwa: herufi kama milioni 4, ambazo kwa mwaka mzima hubadilika 3 hivi tu. Bakteria wa wagonjwa wawili wakipishana herufi chache, wametengana juzijuzi. Wakipishana nyingi, hakuna haja ya kuuliza nani kamwambukiza nani.

Mashariki mwa Kongo zilisomwa sampuli 78 za mwaka 2014 hadi 2017. Kati ya hizo, 73 zilikuwa za ukoo mmoja wenye asili ya Asia, uliogawanyika matawi mawili. Tawi moja limeganda zaidi bonde la Ziwa Tanganyika, na ndugu zake wako magharibi mwa Tanzania. La pili limetambaa na Bonde la Ufa. Lina ndugu Uganda, Sudan Kusini, Tanzania na Zambia. (Mipaka ambayo sisi tunapigiwa mihuri na kutozwa pesa, bakteria huyu anaivuka bure.)

Kwa Kindu hili si jambo la vitabuni. Tawi la Tanganyika likionekana, klorini ianzie stesheni. Likiwa la pili, tuangalie barabara za Kivu. Na wagonjwa wote wakiwa na bakteria wanaofanana karibu herufi kwa herufi, basi treni iachwe, kikaguliwe kisima cha mtaa na maji yanayotekwa mto Lualaba.

Majibu ya maabara huchukua siku nyingi. Lakini serumu ya kunywa mgonjwa anapewa saa ileile, kwani kipindupindu kikali huua kwa saa chache.